Dawa Isiyo na Jina

Jumatatu, 7 Aprili

Kazi imeanza leo na tayari nina hasira.

Shirika limenipa eneo la Kakuyuni na Ganda kwa masika nzima. Niende shamba kwa shamba, niulize kila mkulima anapiga dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, na shamba lake liko umbali gani na maji. Majibu hayo yakikusanywa itachorwa ramani ya hatari, ijulikane sumu inateremka wapi: kwenye visima, kwenye mto, na mwisho baharini. Niliipenda kazi hii tangu niliposoma tangazo lake.

Shamba la kwanza lilikuwa la Badi, mtu wa mjini Malindi kama mimi, aliyekodi ardhi ya mteremko akapanda matikiti. Nikamuuliza anapiga dawa gani. Akaingia kibandani, akatoka na chupa kubwa ya soda, ndani yake kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Hii."

"Inaitwaje?"

"Dawa."

"Dawa gani, Badi? Haina jina?"

"Inaua wadudu. Jina la nini tena?"

Akacheka. Miguuni kavaa kandambili, mikono mitupu. Anapima kwa kifuniko cha chupa hiyo hiyo, na kifuniko kimejaa alama za meno, kwa kuwa kikikaza hukifungua kwa mdomo. Nilitaka kumnyang'anya ile chupa nimpige nayo. Badala yake nikamshukuru kwa ushirikiano wake, kama nilivyofundishwa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Bodaboda imenimwaga matopeni. Kila shamba nililofika, chupa za soda.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimeteremka hadi chini ya shamba la Badi. Kuna silanga pale, bwawa la kuchimbwa linalokinga maji ya mvua. Mifugo hunywa hapo, nguo hufuliwa hapo, na mifereji ya maji ya bomba ikikauka, jambo ambalo ni la kila wiki, watu nao hunywa hapo hapo.

Aliye karibu nalo zaidi ni mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Kahaso. Ana mahindi yake, mchicha kidogo, na mbuzi ambao anawajua mmoja mmoja kama watoto. Nilimkuta akiwapigia kelele watoke kwenye mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa dawa?"

"Ndimi."

"Umekuja kuzileta au kuziondoa?"

"Kuziandika tu, mama."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya mpira.

"Basi andika upesi. Huyo wa juu akipuliza asubuhi, mvua ikinya jioni, vyote vinakuja kwangu."

Yeye mwenyewe hapigi dawa. Kwa utaratibu wetu, mtu asiyepiga dawa hahojiwi. Nimekaa naye nusu ya siku hata hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimegombana na Gerishom.

Gerishom ndiye msimamizi wetu hapa Malindi. Ni mtu wa bara, mpole kupita kiasi, huzungumza kana kwamba anaomba radhi kwa kuwa na mdomo. Nilimpelekea kazi ya wiki nzima nikamwambia kuwa zaidi ya nusu ya wakulima hawajui wanachopuliza.

"Hiyo ni kawaida, madam. Weka 'haijulikani'."

"Halafu?"

"Halafu hesabu inaendelea."

Nikamwambia anionyeshe hiyo hesabu inavyoendelea. Akaifungua kwenye kompyuta. Kiasi cha dawa kinazidishwa kwa ukali wake, kisha unaangaliwa ukaribu wa maji. Palipoandikwa 'haijulikani', ukali wake umewekwa sufuri.

"Kwa hivyo shamba la Badi halina hatari yoyote?"

"Kwa hesabu, hapana, halina."

"Na kwa maji?"

Akavua miwani akaanza kuifuta na shati. Akasema muundo huo umetoka Nairobi na yeye hana ruhusa ya kuugusa. Nikamwambia yeye ni mwoga. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya Whitney wa mapokezi. Alivaa miwani yake, akafunga kompyuta.

Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma. Anayefuata sheria, akanunua dawa yenye jina na akanitajia, anawekewa alama nyekundu kwenye ramani. Anayepuliza asichokijua anatoka safi kama malaika. Ramani kama hiyo afadhali isichorwe.

Jumanne, 22 Aprili

Jua kali. Badi amepuliza tena. Harufu nimeisikia kabla sijaliona shamba.

Jumamosi, 3 Mei

Mjomba Mansur amekuja kula nasi mchana. Mamangu alipika pilau tangu asubuhi, nyumba nzima inanukia.

Mjomba ndiye kaka pekee wa mamangu. Babangu alipofariki, ni yeye aliyetushika, na ni yeye aliyenipeleka chuo. Ana duka la agroveti huko sokoni: mbegu, mbolea, dawa za mifugo na za mimea. Tangu nilipokuwa mdogo nilipenda kukaa nyuma ya kaunta yake nikisoma maandishi ya mikebe. Nadhani hapo ndipo nilipopata hamu ya masomo haya.

Nilimweleza juu ya hizo chupa za soda. Akatikisa kichwa.

"Watu hawana imani siku hizi," akasema. "Nieleze vizuri, mwanangu. Wakulima wangapi? Wapi na wapi?"

Nikamweleza yote. Mamangu alikuwa anamwongezea nyama, akimtazama kwa ile furaha yake ya kila siku.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemkuta Badi amekaa chini ya kibanda chake, macho mekundu yanatiririka, mate yanamjaa mdomoni. Mikono inamtetemeka hata kikombe hakikai. Alipuliza jana upepo ukiwa unamrudia usoni. Nikamvua shati, nikamwosha kwa sabuni na maji ya mtungi, nikapiga simu wakaja na tuktuk kumpeleka zahanati. Njiani nilimkaripia kama mtoto.

"Matikiti hayashiki, Rufaida," akasema. "Maua yanachanua, yanaanguka. Nikaona ni wadudu, nikaongeza dawa."

"Huoni hata nyuki mmoja shambani kwako! Umewaua wote. Nani atakuchavushia maua hayo?"

Akanitazama. Sijui kama alikuwa analia au ni ile dawa.

"Nani anakuuzia hii sumu? Niambie."

"Usiniulize wewe."

"Nakuuliza mimi."

"Kwa mjomba'ko," akasema. "Sote tunanunua kwa mjomba'ko. Kwani hujui?"

Jumanne, 13 Mei

Sikulala vizuri. Nimekwenda dukani kwa mjomba kabla hajafungua vizuri milango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mapema hivi? Ngoja niagize kahawa."

"Sitaki kahawa. Ile dawa ya chupa za soda, ni wewe unayeiuza?"

Nilitarajia akatae. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo wake. Lakini alivuta kiti akakaa, akaniashiria nami nikae, akaanza kunifundisha kama alivyonifundisha kusoma mikebe. Kuna mtu humletea kwa jerikeni, zile nilizoziona zimepangwa nyuma ya pazia. Ni dawa ya zamani, kali, iliyopigwa marufuku na wakubwa ambao hawajawahi kuona shamba lililoliwa na viwavi. Wakulima ndio wanaoitaka. Hizi mpya zenye karatasi nzuri haziui kitu.

"Badi yuko zahanati."

"Badi hakuvaa glavu. Mimi nilimwambia avae."

"Ulimwambia vipi? Chupa haina hata herufi moja!"

"Punguza sauti, Rufaida. Wateja hao wanakuja."

"Jumamosi ile ulikaa kwetu, ukala, ukaniuliza wakulima wangapi. Ulikuwa unataka kujua nimefika wapi."

Akainua uso. Hapo ndipo nilipomwona alivyo, na nimemjua maisha yangu yote.

"Hiyo elimu unayonipigia nayo kelele," akasema polepole, "unadhani ilitoka wapi?"

Nimetoka nje bila kuaga.

Jumatano, 14 Mei

Mamangu hasemi nami. Mjomba amemfikia kwanza.

Ijumaa, 16 Mei

Mamangu amesema leo. Afadhali angenyamaza. "Umemvunjia heshima kakangu dukani kwake, mbele ya watu. Aliyekulea." Nikamwambia anauza sumu. "Kila mwenye duka anauza kitu," akasema, akaenda kuswali.

Jumanne, 27 Mei

Mvua. Mvua. Barabara ya Kakuyuni imekatika.

Jumatano, 28 Mei

Bado. Kahaso amepiga simu, sikusikia kitu ila upepo na kelele za mbuzi.

Alhamisi, 29 Mei

Nimefika saa za mchana, nusu kwa pikipiki, nusu kwa miguu, matope magotini.

Maji ya mteremko yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya shamba la Badi, yakang'oa mitikiti, yakashuka nayo hadi silangani. Maji ya silanga yalikuwa ya rangi ile ile ya chai ya maziwa. Perege wadogo wameelea, matumbo juu, ukingo mzima.

Mbuzi walikuwa wamelala huku na huku, kati ya maji na nyumba. Mmoja alikuwa bado anapiga mateke, povu mdomoni, macho yametoka. Kahaso alikuwa amekaa matopeni, kichwa cha mbuzi huyo mapajani mwake, anamfuta povu kwa ncha ya leso. Alikuwa akimsemesha kwa Kigiriama, maneno ya kubembeleza mtoto. Sikuyaelewa yote na sikuhitaji.

"Mama, mwache. Usiliguse hilo povu."

"Huyu alikuwa wa Idi," akasema. "Watu wa Mambrui walikuwa wamekwisha mchagua. Na yule pale ana mimba."

"Wewe umekunywa haya maji?"

"Nimepikia uji jana."

Sikumbuki nilichosema baada ya hapo. Nakumbuka nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwa jirani walete maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapipa, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akanijibu kuwa nguo hazinywi, na kwa wanaume waliokuja na visu wakitaka kuchinja mbuzi walioanguka kabla nyama haijaharibika. Hao niliwasimamia mbele. Mmoja akaniambia, "Dada, nyama hii utatulipa wewe?" Nikamwambia ale basi, na aage watoto wake kwanza. Akashusha kisu.

Badi alikuja akiteremka mteremko, bado dhaifu. Aliwaona mbuzi, akawaona samaki. Akakaa pale pale matopeni, mbali kidogo na Kahaso, akainamisha kichwa. Kahaso akakishusha kichwa cha mbuzi, akasimama.

"Njoo unisaidie kuchimba," akamwambia. "Mbwa wasije wakala."

Wakachimba shimo wote wawili.

Nilimpigia simu Gerishom nikijua atanambia niandike 'haijulikani'. Alikuja. Alikuja na viatu vyake vya ofisini, akaingia silangani mpaka magotini, akajaza chupa za kioo, akazifunga, akaziandika. Akakata kipande cha ini la mbuzi kwa mkono wake. Akapanda kutoka majini, akakusanya chupa zake.

"Nakwenda Mombasa sasa hivi," akasema. "Maabara ikifunguliwa asubuhi, mimi niwe mlangoni."

Nimemwita mwoga, mtu huyu.

Ijumaa, 30 Mei

Kahaso amelazwa kwa uangalizi. Tumbo na kizunguzungu. Ataruhusiwa kesho, wanasema.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mjomba ametuletea mguu wa mbuzi. Sikuugusa. Mamangu aliupika peke yake na nikasikia anasukuma sufuria kwa nguvu.

Jumanne, 17 Juni

Ripoti imetoka Nairobi. Ina karatasi nzuri na picha yangu mimi nimesimama na Badi katikati ya matikiti, tunacheka. Bonde lote la Kakuyuni lina rangi ya kijani: hatari ndogo. Silanga ni kijani. Nyumba ya Kahaso ni kijani.

Nimempigia mkuu wa mradi, Bi Everlyne.

"Umeona tuliyowatumia juu ya mbuzi?"

"Nimeona, na pole sana. Lakini hilo ni tukio, Rufaida. Ripoti ni ya msimu. Na rekodi nyingi za eneo lako hazikukamilika. Tukiziingiza zinachafua matokeo."

"Zinachafua maji, Bi Everlyne."

"Wafadhili wanataka takwimu safi."

"Basi waje wazinywe."

Akakata simu. Gerishom alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Akarudi mezani kwake, akaanza kuchapa. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika asubuhi hiyo hiyo: ni ile ile dawa iliyopigwa marufuku, kwenye maji na kwenye ini. Akaandikia wakaguzi wa serikali wanaosimamia dawa za mimea, akaambatisha majibu, akaweka jina lake na si la shirika. Kisha akageuka.

"Wataniuliza inauzwa wapi, madam. Hapo siwezi kukuandikia."

Nilikaa. Nilifikiria kaunta ile, mikebe ile, mkono wa mjomba ukifuata herufi na kidole changu kikifuata chake. Nilifikiria pia leso ya Kahaso.

Nikaandika jina la duka kwa mkono wangu.

Jumanne, 24 Juni

Gerishom ameitwa Nairobi. Whitney amenambia hakuagizwa kurudi.

Alhamisi, 26 Juni

Wakaguzi walifika leo. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Walipekua duka lote, wakatoka mikono mitupu. Mjomba aliwasindikiza hadi kwenye gari, akawapa mkono, akawaambia wakaribie tena. Ninajua kulikuwa na jerikeni nyuma ya pazia. Niliziona mwenyewe siku ile ya Mei. Leo pazia limefunguliwa, na sakafu ni tupu, imefagiliwa.

Nimetafuna hasira mpaka taya zinaniuma.

Ijumaa, 27 Juni



Mjomba alikuja nyumbani baada ya swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, uso umechangamka. Hakunisalimu. Alimwambia mamangu:

"Mishi, mambo yamekwisha. Sina tena hata tone. Nimeacha biashara hiyo kabisa, basi huyu mwanao aridhike."

"Alhamdulillahi," mamangu akasema, akanitupia macho, kana kwamba anasema, unaona?

"Zile jerikeni umezipeleka wapi?" nikauliza.

"Zimekwisha, nimesema."

"Umezipeleka wapi, mjomba?"

"Nimezimwaga! Huko Ganda, nyuma ya ghala langu. Nimechimbisha shimo refu, nikafukia. Mlitaka niache, nimeacha. Mnataka nini tena?"

Aliyesema ni mamangu.

"Nyuma ya ghala," akasema. "Kwenye kisima?"

"Kisima kiko kando."

"Mansur. Kisima kile ndicho kinachochotwa na mtaa mzima."

"Nimesema kiko kando."

Mamangu alisimama. Alikwenda chumbani akavaa buibui, akatoka akavaa viatu vyake vya barabarani. Nilimfuata. Tukapanda tuktuk mpaka Ganda.

Wanawake walikuwa wamepanga mitungi, mmoja anavuta kamba. Udongo mpya ulionekana pale pale, karibu kiasi cha kusikia harufu. Mamangu akaingia katikati yao, akaishika ile kamba.

"Maji haya yametiwa sumu," akasema. "Msichote."

"Nani ametia?" mmoja akauliza.

Nilidhani hapo atanyamaza. Ningemsamehe.

"Ndugu yangu," akasema. Akakaa juu ya ukingo wa kisima, na buibui yake yote, kama mtu aliyekaa mlangoni kwake.

Mjomba akafika na gari lake muda si mrefu. Watu walikuwa wameongezeka. Alishuka akija na ile sauti yake ya dukani, ya kutuliza.

"Mishi, inuka. Unaniaibisha mbele za watu. Ardhi inachuja maji, kila mtu anajua. Hakuna sumu hapa."

Mamangu akainuka. Akateremsha ndoo, akaivuta mwenyewe, na umri wake ule, hakutaka nimsaidie. Akaiweka mbele ya miguu ya kaka yake. Akachukua kikombe kwenye mtungi wa mtu, akakichovya, akakijaza, akamnyooshea.

"Kama hakuna sumu, kunywa."

"Mishi, acha mchezo."

"Kunywa, Mansur. Unywe wewe kwanza, kisha hawa wanywe, kisha mimi."

Aliuangalia mkono wa dadake na kile kikombe. Aliwatazama watu. Watu wote walimwona asinyooshe mkono. Mwanamke wa kwanza akainamisha mtungi wake akaumwaga, na wa pili, na wengine nyuma yao, mpaka ardhi yote ikawa matope. Mjomba akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagusa gari.

Mamangu akamwaga kile kikombe. Akakaa tena juu ya ukingo wa kisima, akaiviringa kamba mkononi, akaikaza.

"Rufaida," akaniambia, "wapigie simu wale wakaguzi warudi. Waambie dadake Mansur anawangoja hapa."